Bunduki Sita za Vermont

Maonyesho Makuu ya London yalifunguliwa tarehe 1 Mei 1851, ndani ya jumba la vioo na chuma lililosimamishwa katika bustani ya Hyde Park. Hadi yanafungwa mwezi Oktoba, watu milioni 6 walikuwa wamepita milangoni. Walikuja kuona almasi ya Koh-i-Noor, injini za mvuke, mitambo ya kufuma nguo na vitu vingine vilivyozidi 100,000. Upande wa Marekani ulitia huruma siku za mwanzo. Wamarekani walikuwa wameomba nafasi kubwa, wakashindwa kuijaza, na magazeti ya Kiingereza hayakuacha kuwacheka.

Katika nafasi hiyo iliyopwaya, Samuel Colt wa Hartford, Connecticut, alipanga rivolva zake. Colt alijua kuuza. Maofisa wa jeshi walizishika, wakazungusha vitundu vyake vya risasi, wakauliza bei. Upande huohuo, kampuni ya Robbins & Lawrence ya mji mdogo wa Windsor, Vermont, ilileta bunduki 6 tu. Hazikuwa na nakshi wala fedha. Zilikuwa bunduki za kawaida za jeshi la Marekani, za kushindiliwa baruti mdomoni kwa mdeki na kuwashwa kwa fataki. Ajabu yake haikuonekana kwa macho: kipande chochote cha bunduki moja kiliingia katika nyingine yoyote bila kuguswa na tupa. Zilipewa medali. Kwangu mimi, hizo 6 ndizo zilizokuwa silaha kubwa kuliko zote jumbani mle, hata kuliko mzinga wa chuma cha pua alioupeleka Alfred Krupp kutoka Essen.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tuujue ufundi wa bunduki ulivyokuwa zama hizo. Mjini Birmingham, bunduki moja ilipita mikononi mwa mafundi kadhaa: huyu wa kasiba, yule wa mtambo, mwingine wa tako. Kila mmoja alikwangua kipande chake mpaka kikakubaliana na kilichotangulia. Kwa hiyo kila bunduki ilikuwa na maungo yake peke yake. Parafujo ya hii haikukaa katika ile. Ikivunjika vitani, alihitajika fundi mwenye tupa na muda wa kutosha, na vita havina muda. Hali kadhalika kwa anayetaka bunduki 100,000 haraka: hakuwa na njia ila kuwabembeleza mafundi wale.

Serikali ya Uingereza ilionja uchungu huo ilipoingia katika vita vya Krimea mwaka 1854. Mwaka huohuo ilituma kamati Marekani, na ndani yake alikuwamo John Anderson, mhandisi wa viwanda vya silaha vya serikali. Kamati ilifika katika kiwanda cha silaha cha Springfield, Massachusetts, na hapo likafanyika jaribio ambalo ningetamani kulishuhudia. Wageni walichagua bunduki 10, moja kutoka kila mwaka wa utengenezaji, kuanzia 1844 hadi 1853. Zikafunguliwa zote. Vipande vikachanganywa. Kisha akaitwa mfanyakazi ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha silaha, na wanakamati wenyewe wakawa wanampa vipande kwa kubahatisha, bila kuangalia vilitoka wapi. Akaziunga zote 10, mkononi ana bisibisi tu. Chuma cha 1844 kilikaa pamoja na chuma cha 1853 kana kwamba vilitoka katika tanuri moja.

Kamati haikuhitaji ushahidi zaidi. Ikaagiza mashine kutoka Robbins & Lawrence na kutoka kampuni ya Ames ya Massachusetts, zikiwamo zile za kuchonga matako ya mbao zilizotokana na uvumbuzi wa Thomas Blanchard. Kiwanda cha Enfield, kaskazini ya London, kilijengwa upya kwa ajili ya mashine hizo, na akaajiriwa Mmarekani, James Burton, awe mhandisi mkuu. Kufikia 1860 Enfield ilikuwa ikitoa bunduki zaidi ya 1,000 kwa wiki. Robbins & Lawrence wenyewe hawakula matunda hayo. Walipewa kandarasi ya bunduki 25,000, wakachelewa, vita vikaisha, kampuni ikafilisika.

Hapa ndipo habari hii inapogeuza njia kuja kwetu.

Mwezi Julai 1866, Waprusia waliokuwa wakipakia risasi kwa nyuma waliwashinda Waaustria waliokuwa bado wakishindilia kwa mbele, huko Sadowa. Kila jeshi la Ulaya likakimbilia kubadilisha silaha. Uingereza ilizikata nyuma bunduki zake za Enfield na kuzitia bawaba ya Jacob Snider, kazi iliyorahisishwa mno kwa kuwa vipimo vilikuwa vimekwisha kufanana. Mwaka 1871 ikaja Martini-Henry, na mwaka 1886 Wafaransa wakatoa Lebel ya risasi nyingi na baruti isiyo na moshi. Kila badiliko liliacha malundo ya bunduki zisizotakiwa tena. Wafanyabiashara wa Ulaya walizinunua kwa bei ya kutupa, na nyingi zikapakiwa merikebuni kuja Unguja.

Kutoka Unguja na Bagamoyo zilibebwa mabegani hadi Tabora, Ujiji na Manyema. Zilinunua pembe za ndovu, na zilikamata watu waliouzwa utumwani. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alijenga dola yake kwa ruga-ruga, askari wake wenye magobori. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikadiriwa kuingia bara kila mwaka kupitia pwani ya mashariki. Hofu aliyoieleza haikuwa kwa ajili ya waliotekwa tu. Alihofia Wazungu wangekuta wenyeji wana bunduki nzuri kama zao.

Hofu hiyo ikawa sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotangazwa kuwa wa kukomesha utumwa, ulizuia silaha za kisasa kuuzwa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Zilizoweza kuruhusiwa kwa kibali ni za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Miongoni mwa waliotia saini walikuwamo walewale waliokuwa wakiigawana Afrika huku wakiingia na bombomu za Maxim. Sheria hiyo ilizuia uovu wa kweli, na papo hapo ikawafunga mikono waliokuwa karibu kuvamiwa. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine.

Leo maonyesho makubwa ya biashara hii ni SHOT Show, yaliyoanza St. Louis mwaka 1979 na sasa hufanyika Las Vegas kila Januari. Umma hauruhusiwi, huingia watu wa biashara tu. Vinavyojaza meza zake si bunduki peke yake: kuna darubini za shabaha, kurunzi, viwambo vya kupunguza sauti, vishikio. Vitu hivyo hupachikwa juu ya reli yenye vipimo vilivyowekwa na jeshi la Marekani mwaka 1995, hivyo kifaa cha kampuni moja hukaa juu ya silaha ya kampuni nyingine. Ni wazo lilelile la Vermont, likiwa limehamia nje ya bunduki.

Na sheria imelifuata. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizoandaa azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2006, lililozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 24 Desemba 2014, na kifungu chake cha 4 hakihusu bunduki nzima, bali vipande vinavyoweza kuunganishwa kuwa silaha.