Vipanga wa Vuli Katika Anga la Meru
Kuanzia Oktoba, mvua za vuli zinapokaribia, tai na vipanga waliozaliana katika nyika za Urusi na Kazakhstan huanza kuonekana juu ya mashamba ya kahawa na migomba ya Akheri na kwingineko kuzunguka Mlima Meru. Wengine hukaa kaskazini mwa Tanzania, wengine huendelea kusini.

Zamani wataalamu waliwajua kwa bunduki. Yngve Sjöstedt wa Uswidi, aliyefanya utafiti Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, alikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho. Ngozi iliyokaushwa huthibitisha kwamba ndege alikuwapo; njia aliyopitia haiisemi. Reginald Moreau, aliyehamia kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1928, alifanya kazi ya uvumilivu zaidi: kulinganisha tarehe na mahali ndege walipoonekana barani kote. Kitabu chake kikubwa kuhusu safari hizo kilitoka mwaka 1972, yeye akiwa ameshafariki.

Jibu la njia lilipatikana kwenye mlango wa bahari. Tai hupaa kwa hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo hukusanyika Bab el-Mandeb, ambako kilomita 30 hivi tu hutenganisha Yemen na Jibuti, na kisiwa kidogo cha Mayyun kimo ndani ya mlango huo. Mwaka 1987, watafiti Geoff na Hilary Welch walihesabu upande wa Jibuti zaidi ya ndege wawindaji 240,000 katika msimu mmoja, wakiwamo tai wa nyika zaidi ya 76,000. Ni hesabu ya kustaajabisha kweli.

Kozi wa Amur, ndege mwindaji mwingine anayehama, hahitaji mlango huo, kwani hupiga mabawa. Mwaka 2012 maelfu kwa maelfu walinaswa kwa nyavu huko Nagaland, India. Mwaka uliofuata, wachache walifungwa vifaa vya setilaiti huko huko. Ilidhihirika kwamba huvuka Bahari ya Hindi bila kutua hadi Somalia, wakisukumwa na kaskazi, upepo uleule ulioleta majahazi. Afrika Mashariki huwapokea kwa kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua, chakula wanachokigombania na tai.

Tangu 2015 tai wa nyika amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nyaya za umeme na sumu humuua njiani, kwenda na kurudi.