Kuuza kwa Niaba ya Wengine Magu: Toka Mizani ya Pamba hadi Mnada wa Dengu Mtandaoni

Mazao ya biashara ya Magu hayajawahi kuuzwa na mkulima moja kwa moja kwa anayeyatumia. Wilaya hii iko mashariki ya jiji la Mwanza, kwenye barabara ya Musoma na ufuko wa kusini wa Ghuba ya Speke. Tangu kilimo cha pamba kilipoenea Usukuma wakati wa utawala wa Waingereza, daima amekuwepo mtu wa kati: kwanza wakala wa kiwanda cha kuchambulia pamba, kisha chama cha ushirika, na siku hizi soko la bidhaa linaloendesha minada kwa kompyuta. Aliyebadilika ni huyo wa kati. Maswali ya mwenye mali yamebaki matatu: mzigo umepimwaje, umeuzwa bei gani, na fedha zitafika lini.

Miaka ya 1940 swali la kwanza ndilo lililokuwa zito. Bei ya pamba mbegu ilipangwa na serikali ya kikoloni, kwa hiyo mnunuzi aliyetaka faida ya ziada hakuwa na nafasi ya kuchezea bei. Alichezea mizani. Mkulima alifika kituoni na mzigo kichwani au kwenye baiskeli, ukapimwa kwa mizani ambayo wengi hawakuweza kuisoma, akatajiwa uzito na kulipwa papo hapo. Viwanda na vituo vingi vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na manung'uniko ya wizi wa uzito yakazagaa Usukuma nzima. Ilipofika mwaka 1950 hivi, wakulima walianza kuchangishana fedha na kuajiri wapimaji wao wenyewe. Hao walisimama kando ya mizani ya mnunuzi, wakahakiki uzito kabla mzigo haujamwagwa. Hawakununua wala kuuza chochote, kazi yao ilikuwa kutazama tu. Hata hivyo, ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa uliota kutoka katika kazi hiyo ndogo.

Aliyeuongoza ni Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika. Vyama vya msingi vya vijijini viliungana, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, makao yake Mwanza. Mwaka uliofuata lilikuwa na kiwanda chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, Geita. Ilipofika mwishoni mwa muongo huo, pamba yote ya kanda ilikuwa inanunuliwa kupitia ushirika, na VFCU ikahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Waafrika barani. Nyuzi zilikabidhiwa kwa bodi ya mauzo ya pamba iliyoanzishwa mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyoshughulika na wasafirishaji wa nje. Hivyo mkulima wa Magu alikuwa na wauzaji watatu waliopangana juu yake: chama cha kijiji, shirikisho, na bodi.

Kila ngazi ilikata chake. Hapo ndipo ushirika ulipoanza kuchukiwa na wale wale waliouanzisha, kwa sababu makato yaliongezeka kuliko maelezo yake. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa kabisa, vikarejeshwa katikati ya miaka ya 1980, na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba tena.

Dengu ilikuwa na historia nyingine. Hupandwa mvua zinapokatika, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika unyevu, na haikuwahi kuwa na ushirika wenye nguvu nyuma yake. Iliuzwa kwa walanguzi waliozunguka vijijini na magulioni, kwa sado, au kwa debe lililogongwa hadi likatanuka tumbo. Bei ilitoka mbali. Sehemu kubwa ya kunde za Tanzania huishia India, na India inapofunga mlango maumivu hufika shambani haraka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017 ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ya zao hilo ikaporomoka nchini.

Mfumo wa stakabadhi za ghala ulipata sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho za Mtwara msimu wa 2007/08. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2024 serikali ilielekeza dengu, choroko, mbaazi, ufuta na soya ziuzwe kwa kuunganisha njia hizo mbili. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa na kukaguliwa unyevu na uchafu, kisha unaingia ghala lenye leseni. Mizigo ya wengi huunganishwa na kutangazwa. Wanunuzi waliosajiliwa hupandisha bei kwenye mtandao, wakiwa Dar es Salaam au kwingine, na muda ukiisha matokeo huonyeshwa hadharani. Wakulima waliokusanyika huulizwa kama wanakubali. Wakikataa, mzigo hubaki ghalani hadi mnada mwingine.

Hili la kukataa ndilo jambo jipya kweli kweli. Mwenye pamba wa miaka ya 1940 aliweza tu kurudi nyumbani na mzigo wake. Bei nayo sasa iko wazi: katika minada ya korosho ya msimu wa 2024/25 iliyopitia TMX, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kila aliyekuwepo aliiona.

Lakini uwazi wa bei haujamaliza maswali mengine mawili. Mizani imehama kutoka kwa mnunuzi kwenda AMCOS, na mwenye mali bado anahitaji mtu wa kuitazama. Malipo nayo hupita benki baada ya kukatwa ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, magunia na tozo ya chama, wakati mlanguzi hulipa taslimu mlangoni. Kuchelewa si jambo dogo. Aprili 2013 wakulima wa Liwale walifanya ghasia na kuchoma nyumba kwa sababu ya malipo ya korosho. Ndiyo maana amri ya mwaka 2024 ilipingwa na baadhi ya wafanyabiashara na wakulima, na hoja yao kuhusu fedha za haraka ilikuwa na uzito.

Pamba yenyewe haikuingizwa katika agizo hilo. Inaendelea kununuliwa na wenye viwanda kupitia AMCOS, kwa bei elekezi inayotangazwa mwanzoni mwa msimu.