Kawa la Gurudumu

Orodha moja ya istilahi za magari iliyonifikia majuzi inakiita "kifuniko cha kitovu cha gurudumu" kile kisahani king'aacho ambacho gereji zote za hapa kwetu Katindiuka hukiita wilikepu. Maneno matano kwa kitu kinachong'olewa kwa ncha ya bisibisi! Sijui waliokaa kwenye kamati iliyoitunga orodha hiyo walilala lini chini ya pikapu.

Urefu ningeusamehe. Nisichokisamehe ni kwamba jina lenyewe si la kweli. Kitovu cha gurudumu ni habu, na kinachofunika habu ni kikopo kidogo kinachozuia vumbi lisiingie kwenye beringi na grisi isivuje. Hicho kiitwe kofia, ni haki yake. Wanaoshupalia "kofia ya gurudumu" kwa kisahani wanakinyang'anya kikopo jina lake, na nimewaandikia hivyo mara mbili bila kujibiwa. Kisahani hufunika nati, pengine na rimu nzima, na gari hutembea salama bila hicho.

Neno ni kawa. Kawa la gurudumu, wingi makawa. Mwanakamusi Frederick Johnson analo katika kamusi yake ya 1939: kifuniko cha kusuka, chenye umbo la pia, cha kufunikia chakula. Msusi huanzia katikati, kwenye kinundu, akazungusha ukindu duara juu ya duara, hili jekundu, hili la rangi yake ya asili, mpaka ukingoni. Liweke kando ya wilikepu ya gari la zamani la Kimarekani: kinundu katikati, miduara ya rangi na kromu, ukingo uliokunjwa. Na kazi ni moja. Kawa halizibi kama kizibo wala halikazi kama mfuniko wa chupa. Husitiri na kupamba. Chakula kisicho na kawa kinalika, lakini mgeni ataona umepungukiwa adabu.

Wapinzani hudai kawa ni kitenzi cha kuchelewa. Mbona paa ni la nyumba, ni mnyama, tena ni kuruka angani, na hakuna aliyepotea? Fundi amekawa, kawa limechomoka. Upatanisho wa kisarufi umemaliza kesi.

Ushahidi niliupata hapa hapa Katindiuka, kwa mama muuza wali. Sufuria yake ya samaki aina ya kitoga ilifunikwa kwa duara la chuma lililoliwa na kutu upande mmoja, na katikati neno Ford kwa mwandiko wa kuunganisha. Nikamwamkia, nikamuuliza hiki ni nini. "Si kawa hilo, baba," akasema, akalifunua ili nione samaki. Hakuhitaji kamati.

Aliniruhusu kuligeuza. Herufi zilibonyezwa kutoka nyuma, kwa hiyo mgongoni zilisomeka kinyume, zimedidimia. Hapakuwa na meno ya springi: makawa ya aina hiyo hushikwa na vibanio vilivyo kwenye rimu yenyewe, ilhali mengi makubwa ya baadaye huja na meno yake. Anayetafuta kawa halisi la gari la zamani, basi, apime kipenyo cha mdomo, atazame mgongo na namna ya kushika kabla ya kuuamini mng'ao wa mbele.

Jambo moja zaidi, safari hii la kofia, kwa kuwa linawapotosha wengi. Ford ya Kanada, iliyoanzishwa 1904, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza katika makoloni ya Uingereza. Kwa hiyo kofia ya habu ya Ford Model T ya huku, ile ya kukaza kwa nyuzi kwenye gurudumu la mbao, ikikutwa imeandikwa kuwa imetengenezwa Kanada, isitupwe kama bandia. Inaweza kuwa ndiyo hasa iliyokuja na gari.

Kamati ikitaka sentensi ya mfano, iandike hii: "Tulipofika Kibaoni gari liliingia shimoni, kawa la nyuma likachomoka, likabingirika hadi kwenye majaruba."