Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa: Wageni wanaoifia nchi isiyo yao

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nchini Ufaransa msemo huo umebeba maana nzito kuliko waliyoikusudia wazee wetu, kwani kwa karibu karne mbili nchi hiyo imekuwa na jeshi la wageni ambao aghalabu hutangulizwa mahali pa hatari. Jeshi hilo ni Lejioni ya Kigeni.

Mfalme Louis-Philippe aliliunda Machi 10, 1831. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imejaa wakimbizi na askari wasio na kazi kutoka nchi jirani, na ilikuwa imeanza kuitwaa Algeria mwaka mmoja kabla. Kwa kuwaandikisha wageni hao, mfalme aliwaondoa mijini na papo hapo akapata watu wa kupigana Afrika. Sheria ilielekeza wazi kwamba watumike nje ya ardhi ya Ufaransa barani Ulaya.

Makao yake makuu yalikuwa Sidi Bel Abbès, Algeria, hadi nchi hiyo ilipojinyakulia uhuru mwaka 1962. Tangu hapo yamekuwa Aubagne, karibu na Marseille. Lejioni ina takriban askari 9,000 kutoka mataifa yapatayo 140. Maafisa wake wengi ni Wafaransa, ingawa wapo waliopanda vyeo kutoka ngazi ya chini kabisa.

Kuingia

Anayetaka kujiunga sharti awe mwanamume wa umri kati ya miaka 17 na nusu na 39 na nusu, mwenye pasipoti halali, na afike mwenyewe Ufaransa. Hupimwa afya, akili na nguvu za mwili, kisha huhojiwa kwa kina kuhusu maisha yake ya awali. Zamani jeshi hili lilisifika kwa kutouliza maswali. Leo hii rekodi za polisi huchunguzwa, na mtu anayetafutwa kwa mauaji au ulanguzi wa dawa za kulevya hufungiwa mlango. Wengi wa wanaobisha hodi hukataliwa.

Anayekubaliwa hutia saini mkataba wa miaka mitano. Kwa miaka mingi kila kurutu alilazimika kupewa jina jipya. Siku hizi ni hiari. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, lakini kwa mtu anayekimbia madeni, ndoa iliyovunjika au aibu ya kwao, jina hilo jipya ndilo lililomvuta. Hata hivyo, lina gharama yake: aliye nalo huhesabiwa kuwa hana mke, na hawezi kufunga ndoa hadi jina lake halisi lirejeshwe rasmi.

Mafunzo ya miezi minne hufanyiwa Castelnaudary, kusini mwa nchi. Makurutu huamka alfajiri, husafisha, hukimbia, huimba na kujifunza Kifaransa, huku asiyekijua akiwekwa pamoja na anayekijua. Hukariri Kanuni za Heshima zenye vifungu saba, ambazo hutangaza kwamba kila askari wa Lejioni ni ndugu yake bila kujali taifa, rangi wala dini. Kofia nyeupe maarufu haitolewi bure: huvaliwa kwa mara ya kwanza baada ya matembezi marefu ya mizigo mgongoni.

Sifa

Sifa ya Lejioni ilijengwa kwa kushindwa. Aprili 30, 1863, katika kijiji cha Camarón nchini Mexico, Kapteni Jean Danjou na wenzake 64 walizingirwa na askari wapatao 2,000. Walipigana mchana kutwa hadi risasi zikawaishia, na wachache waliosalia wakashambulia kwa singe. Danjou aliuawa. Mkono wake wa bandia wa mbao huhifadhiwa Aubagne na hutolewa kwa heshima kila Aprili 30, siku iliyo kuu kuliko zote kwa jeshi hilo.

Katika vita vya Indochina, vilivyofikia kikomo Ufaransa iliposhindwa Dien Bien Phu mwaka 1954, zaidi ya askari 10,000 wa Lejioni walipoteza maisha.

Upande wa pili wa sifa hiyo ni mchungu. Lejioni ilikuwa chombo cha ukoloni Algeria, Morocco, Madagascar na Indochina. Aprili 1961 kikosi chake cha kwanza cha askari wa miavuli kilijiunga na majenerali walioasi mjini Algiers wakipinga uhuru wa Algeria. Uasi huo uliposhindwa, kikosi hicho kilivunjwa.

Afrika Mashariki na Kati

Lejioni imepita karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1941 ilipigana na Waitaliano Keren na Massawa, Eritrea. Kuanzia 1962 hadi 2011 ilikuwa na kambi Djibouti. Kisiwani Mayotte, ambako wenyeji huzungumza lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, ina kikosi kidogo.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la Kolwezi, mji wa madini wa Katanga ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mei 1978 waasi wa FNLC waliokuwa na ngome Angola waliuteka mji huo. Mei 19, askari wa Lejioni wakiongozwa na Kanali Philippe Erulin walirukia humo kwa miavuli. Waliwaokoa raia wengi wa kigeni na kupoteza wenzao watano, lakini mamia ya watu, Waafrika kwa Wazungu, walikuwa wameshauawa. Ulaya ilishangilia. Wakosoaji nao walikumbusha kwamba aliyeokolewa pia ni Mobutu Sese Seko na utawala wake.

Erulin huyo huyo alikuwa ametajwa na mwanahabari Henri Alleg miongoni mwa maafisa waliomtesa mjini Algiers mwaka 1957, kabla hajaingia Lejioni. Kwa hivyo shujaa wa Kolwezi kwa wengine ni sura ya ukatili wa Algeria.

Je, ni mamluki?

Kisheria, la. Itifaki ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva haimhesabu kuwa mamluki mtu aliye mwanachama wa jeshi la nchi inayopigana. Askari wa Lejioni huvaa sare za Ufaransa, hulipwa mshahara wa serikali na hufungwa na sheria zake za kijeshi.

Baada ya miaka mitatu ya utumishi mwema anaweza kuomba uraia. Kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 1999, aliyejeruhiwa vitani anaweza kuupata kwa damu aliyoimwaga. Wakongwe wasio na pa kwenda hupokelewa Puyloubier, ambako hulima mizabibu na kuzikwa na wenzao, wengi wao wakiwa mbali na makaburi ya wazazi wao.

Anayevutiwa na kofia nyeupe ayapime yote hayo. Si ajira ya kawaida: ni miaka mitano ya kutii amri katika vita vitakavyochaguliwa na serikali ambayo yeye si mpigakura wake. Tena afahamu kwamba Lejioni haina mawakala ng'ambo wala haitozi ada yoyote. Anayedai pesa ili amwandikishe kijana akiwa Nairobi, Mombasa au kwingineko ni tapeli.