Prosesa ya bei nafuu kwa kompyuta ya zamani ya ofisi: angalia haya kabla ya kulipa

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha na usafirishaji bado zinategemea kompyuta za mezani zilizonunuliwa mtumba. Mashine ikiganda wakati nyaraka za mzigo zinaandaliwa, lori linasubiri mpakani na gharama zinaongezeka. Kubadilisha prosesa kunaweza kuongeza kasi bila kununua mashine nyingine. Lakini prosesa isiyokubaliwa na mashine yako ni hasara tupu, hasa ikiwa umeinunua nchi jirani na kuirudisha ni nauli nyingine.

Thibitisha tatizo kwanza

Kompyuta ikiwa katika kazi nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama CPU ndiyo inayokaa karibu na asilimia 100, prosesa itasaidia. Kama ni memori (RAM) au diski, haitasaidia. Mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka ianze na RAM ya GB 8 na diski ya SSD.

Soketi na chipuseti

Prosesa lazima ilingane na soketi ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Soketi ya Intel LGA 1155 ilitoka mwaka 2011 na hupokea Core za kizazi cha pili na cha tatu. LGA 1150 ya mwaka 2013 ni ya kizazi cha nne, na hizi mbili haziingiliani.

Soketi kulingana bado haitoshi. Ubao wenye chipuseti ya Q65 au Q67 una LGA 1155 lakini haukubali kizazi cha tatu. Programu ya bure ya CPU-Z huonyesha prosesa, ubao na chipuseti uliyonayo.

Mfano

Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 (siyo ile ya 2023 yenye jina hilohilo) na HP Compaq Elite 8300 zina chipuseti ya Q77, hivyo hukubali vizazi vyote viwili. Chaguo za kizazi cha tatu ni hizi:

- Core i3-3220: viini 2, GHz 3.3, wati 55
- Core i5-3470: viini 4, GHz 3.2, wati 77
- Core i7-3770: viini 4 vinavyobeba kazi 8 kwa pamoja, GHz 3.4, wati 77

Kwa anayetoka i3, i5 inatosha kazi za ofisi. Chukua i7 ikiwa tofauti ya bei ni ndogo. Usilipie zaidi prosesa yenye herufi K; faida yake ni kuongezwa kasi, jambo ambalo bodi hizi za ofisi haziruhusu.

Kununua na kufunga

Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, na udai risiti. Sasisha BIOS kabla ya kuitoa prosesa ya zamani. Usiguse pini za soketi, na upake grisi mpya ya kupozea.

Ukivuka mpaka nayo, kumbuka kuwa Cheti Rahisi cha Uasilia cha Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Prosesa iliyoandikwa Malaysia au Costa Rica haihusiki, hata kama umeinunua Nairobi au Kampala.

Wapi pa kuishia

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa prosesa chache za kabla yake, na i7-3770 haimo. Kwa hiyo jumlisha bei ya prosesa, RAM, SSD na fundi. Jumla ikikaribia bei ya mtumba wa kizazi cha nane, acha kubadilisha prosesa na ununue mashine hiyo.