Mijadala ya usajili wa wachezaji chipukizi Zanzibar

Mijadala ya usajili wa wachezaji chipukizi Zanzibar ni mabishano ya mashabiki wa mpira wa miguu kuhusu vijana gani wanafaa kusajiliwa na klabu zao, na kuhusu klabu ipi inamfaa kijana mwenye kipaji. Katika kisiwa cha Unguja, hasa Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, mabishano hayo hufanyika barazani, kwenye maskani, kwenye vijiwe vya kahawa na viwanjani. Huwa makali zaidi wakati madirisha ya usajili yanapofunguliwa na wakati wa Kombe la Mapinduzi, mwezi wa Januari.

Mijadala hii ni burudani, lakini inahusu pia maisha ya watu. Kijana wa miaka 17 au 18 anayetajwa barazani huwa na maamuzi mazito mbele yake: kubaki shuleni, kuingia katika klabu ya kikosi cha serikali yenye ajira, au kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam. Klabu ya mtaa iliyomlea nayo inaweza kubaki mikono mitupu.

Usajili huru na uteuzi wa zamu

Katika baadhi ya nchi, vijana wanaoingia ligi kuu hugawanywa kwa uteuzi wa zamu. Klabu iliyoshika nafasi ya chini msimu uliopita hupewa nafasi ya kuchagua mapema, ili nguvu za klabu zilingane. Ligi ya mpira wa Australia (AFL) ilianza utaratibu huo mwaka 1986, na ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA) inautumia pia. Mashabiki wa ligi hizo hubishana kila mwaka kuhusu kijana wa kuchaguliwa.

Mtanzania Hasheem Thabeet alipitia njia hiyo. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na klabu ya Memphis Grizzlies. James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kwa kuwa wawili hao walikuja kuwa nyota wakubwa, uteuzi wa mwaka huo bado hutajwa kama mfano wa ugumu wa kutabiri kijana atafika wapi.

Mpira wa miguu wa Zanzibar na wa Tanzania Bara hauna zamu. Klabu na mchezaji hupatana wenyewe, na kama kijana ana mkataba na klabu nyingine, klabu hizo mbili hupatana pia. Matokeo yake ni kwamba klabu yenye fedha inaweza kuwachukua vijana bora kila msimu. Ndiyo maana shabiki wa klabu ndogo ya Unguja haulizi tu "tumsajili nani?" bali pia "tutambakisha vipi?"

Mahali pa mijadala

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una baraza nyingi za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba. Watu hukaa hapo jioni kunywa kahawa chungu kwa kashata, kucheza bao, dhumna au karata, na kuzungumza. Jaws Corner ni mojawapo ya vijiwe vinavyojulikana zaidi mjini. Nje ya Mji Mkongwe, vijana hukutana kwenye maskani. Baadhi ya maskani zina mwelekeo wa kisiasa, na nyingine hujulikana kwa ushabiki wa klabu fulani.

Ushabiki wa Unguja una tabaka mbili. Mtu anaweza kuwa shabiki wa klabu ya kisiwani, kwa mfano Malindi au Mlandege, na wakati huohuo kuwa Simba au Yanga. Klabu hizi mbili za Dar es Salaam, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, zina wafuasi wengi Zanzibar. Hivyo shabiki mmoja anaweza kusikitika kwamba klabu ya mtaani imepoteza kiungo wake na kufurahi kwamba kiungo huyo amevaa jezi ya timu yake ya Bara.

Klabu za visiwani na njia za chipukizi

Ligi Kuu ya Zanzibar husimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF) na hushirikisha klabu za Unguja na Pemba. Klabu zake ni za aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni klabu za kiraia, nyingi zikiwa zimeota kutoka mitaani. Malindi na Mlandege zina majina ya mitaa ya mjini. Klabu hizi hutegemea sana wanachama, wafadhili na mapato madogo ya viingilio.

Aina ya pili ni klabu za vikosi na taasisi za serikali. Miongoni mwake ni KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KVZ (Kikosi cha Valantia Zanzibar), Zimamoto, Mafunzo na Polisi. Mchezaji wa klabu ya aina hii anaweza kupata ajira katika kikosi husika. Kwa familia nyingi jambo hili lina uzito kuliko jina la klabu, kwa sababu mpira ukiisha mshahara unabaki.

Kabla ya kufika ligi kuu, kijana huanza kwa kucheza chandimu mtaani au ufukweni, kisha huingia katika timu ya watoto ya mtaa na mashindano ya shule. Unguja ina pia utamaduni wa ligi za madaraja ya umri, zinazojulikana kwa majina kama juvenile na central. Mashabiki wanaofuatilia ligi hizi ndio huwa wa kwanza kumtaja kijana barazani kabla jina lake halijafika kwenye redio.

Kombe la Mapinduzi

Kombe la Mapinduzi huchezwa kila mwaka kuadhimisha Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Kwa miaka mingi klabu za Zanzibar zimekutana humo na klabu kubwa za Bara na za nchi jirani. Mashindano haya huangukia kipindi cha dirisha dogo la usajili, kwa hiyo kijana wa kisiwani huweza kuonekana na viongozi wa klabu kubwa wakati uleule zinapotafuta wachezaji.

Mechi nyingi zimechezwa katika Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Uwanja huo ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Mlandege ilitwaa kombe mwaka 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1, na ikalitetea mwaka 2024 kwa kuifunga Simba 1-0. Ushindi huo uliwapa nguvu mashabiki wanaosema kwamba klabu ya mtaa inaweza kushindana na vigogo. Wengine hujibu kwamba mashindano ya wiki mbili si kipimo cha msimu mzima, na kwamba kijana asisajiliwe kwa mechi moja nzuri.

Hoja kuu

Umri. Mashabiki hutofautiana kuhusu umri halisi wa mchezaji, na hutania kwamba mtu ana "umri wa mpira" tofauti na umri wa kuzaliwa. Suala hili limewahi kuleta madhara makubwa. Mwaka 2018 timu ya Zanzibar ya vijana chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya CECAFA yaliyofanyika Burundi kwa sababu ya umri wa wachezaji. Vijana waliokuwa na umri halali nao walikosa nafasi ya kuonekana.

Kucheza au kukaa benchi. Kundi moja husema kijana aende klabu kubwa mapema ili ajifunze kwa wachezaji wazoefu na kulipwa vizuri. Kundi jingine husema abaki Zanzibar au aende klabu ya kati ambako atacheza kila wiki. Mkopo, yaani kusajiliwa na klabu kubwa kisha kupelekwa kucheza kwingine, huonekana kama njia ya katikati.

Ajira. Kijana aliye katika klabu ya kikosi akipata nafasi Bara, yeye na familia yake hulazimika kulinganisha mkataba wa miaka michache na kazi ya kudumu.

Mkataba. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa wa zaidi ya miaka 3, na mkataba wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi miaka 5. Kijana anaposaini bila kusoma vifungu vya kuvunja mkataba, anaweza kukwama baadaye.

Haki ya klabu mlezi. Kwa mujibu wa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kudai mgao huo kunahitaji kumbukumbu za usajili. Timu ya mtaa isiyomwandikisha mchezaji wake rasmi haina cha kuonyesha, hata kama mtaa mzima unajua ilimlea.

Mifano inayotajwa sana

Ibrahim Abdallah, maarufu kama Bacca, alitoka KMKM na kujiunga na Yanga Januari 2022. Baadaye akawa beki wa kutegemewa wa klabu hiyo na wa timu ya taifa ya Tanzania. Mfano wake hutumiwa na wanaosema kwamba klabu za vikosi zinaweza kumkuza mchezaji hadi akomae, bila haraka.

Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto, alizaliwa mwaka 1998 na alitoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba wake kwa kurudisha fedha kwa klabu. Yanga ilipinga, na vyombo vya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) viliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mgogoro ulimalizika Juni 2023 alipohamia Azam, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuwaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo. Katika msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi. Kisa hiki kiliwagawa mashabiki: wengine waliona mkataba ni ahadi ya kutimizwa, wengine waliona kijana ana haki ya kutafuta maslahi bora. Wengi walipata somo moja, kwamba vifungu vya mkataba vijulikane kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Nadir Haroub, aliyepewa jina la Cannavaro, hutajwa na wazee wa baraza kama mfano wa Mzanzibari aliyedumu Bara. Aliichezea Yanga kwa miaka mingi na kuwa nahodha wake.

Hadhi ya kimataifa

Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa CAF Machi 2017, lakini uamuzi huo ulibatilishwa Julai mwaka huohuo. Klabu zake hushiriki mashindano ya klabu ya CAF, na timu ya Zanzibar Heroes hushiriki mashindano ya CECAFA, ambayo ililitwaa kombe lake mwaka 1995. Katika kufuzu Kombe la Dunia na Kombe la Mataifa ya Afrika, Mzanzibari huchezea Taifa Stars.

Hali hii huathiri mijadala ya usajili. Mashindano ya kuonekana ni machache, kwa hiyo kila mashindano huwa na thamani kubwa. Desemba 2017 Zanzibar Heroes ilifika fainali ya CECAFA nchini Kenya, ikatoka sare 2-2 na wenyeji na kushindwa kwa penalti. Kocha wake alikuwa Hemed Suleiman "Morocco", ambaye baadaye alipewa kuinoa Taifa Stars. Miongoni mwa wachezaji walikuwemo Feisal Salum na Mudathir Yahya. Miezi michache baadaye Feisal alisajiliwa na Yanga.

Kwa klabu za Bara, Mzanzibari ana faida nyingine: ni raia wa Tanzania, kwa hiyo hachukui nafasi ya mchezaji wa kigeni, ambayo idadi yake ina ukomo.

Wasichana

Mpira wa wanawake una klabu kama JKU Princess na New Generation Queens. Baraza na maskani ni sehemu za wanaume zaidi, hivyo wachezaji wasichana hutajwa mara chache katika mabishano ya usajili.

Istilahi

Kinda: mchezaji kijana anayeanza kujitokeza.
Kifaa: mchezaji mzuri aliyesajiliwa au anayetakiwa.
Garasa: mchezaji aliyesifiwa sana lakini hakufaa. Neno limetoka kwenye karata.
Kusugua benchi: kukaa akiba muda mrefu bila kuchezeshwa.
Dirisha dogo: kipindi cha usajili cha katikati ya msimu.
Majaribio: siku ambazo kijana hupimwa na klabu kabla ya kusajiliwa.

Tazama pia

Ligi Kuu ya Zanzibar
Kombe la Mapinduzi
Zanzibar Heroes
Mji Mkongwe