Udongo Mwekundu Katika Kuta za Nyumba

Neno "ngeu" lajulikana sana kwa maseremala: ni udongo mwekundu wa kutilia alama katika mbao kabla ya kuzikata. Lakini udongo wa namna hiyo una kazi nyingine iliyo ya kale kupita useremala, nayo ni kupamba. Wako watu wadhanio ya kuwa ukuta wenye rangi ya udongo ni dalili ya umaskini, na ya kuwa rangi ya kopo pekee ndiyo yenye heshima. Twataka kuonyesha ya kwamba historia haiwaungi mkono.

Kwanza tuitazame asili yake. Wekundu huo watoka katika chuma kilichoingia kutu ndani ya udongo. Udongo wa manjano nao una chuma, ila kimefungamana na maji. Ukichomwa motoni, maji hutoka nao hugeuka kuwa mwekundu. Rangi hii haififizwi upesi na jua, kwa kuwa kilichokwisha kuwa kutu hakina tena la kugeuka. Kwa sababu hiyo picha nyekundu za majabali ya Kondoa zingali zaonekana hata leo. Na katika pango la Blombos, Afrika ya Kusini, yalionekana makombe ya bahari yaliyotumiwa kuchanganyia udongo huo yapata miaka 100,000 iliyopita.

Waroma nao waliupenda. Vitruvius, fundi wa majengo, aeleza habari za karani mmoja, jina lake Faberius, aliyetaka nyumba yake katika kilima cha Aventino ipendeze kupita nyingine. Akapaka kuta za ua wake sinabari, rangi nyekundu ya thamani kubwa itokayo katika jiwe la zebaki. Baada ya siku 30 kuta zikaingia mabaka mabaya, ikamlazimu kupatana na mafundi watie rangi nyingine. Udongo wa bei ndogo haungalimwaibisha hivyo. Tena huko Pompeii, mji uliofunikwa na mlima Vesuvius mwaka 79, wataalamu wamegundua ya kuwa baadhi ya kuta zinazoonekana nyekundu leo zilikuwa za manjano. Joto la mlima ndilo lililozigeuza.

Lakini mfano utugusao zaidi ni wa Wasotho. Wanawake wao hukandika kuta kwa udongo na samadi, kisha huchora mistari kwa vidole na kutia rangi za udongo. Mapambo hayo huitwa "litema", neno lililo ndugu ya "ho lema", yaani kulima. Kwa maana mistari ile yafanana na matuta ya shamba. Msomaji ataona mara moja undugu wake na neno letu. Mvua huyaosha, nao huyafanya upya. Hivyo binti hujifunza kwa mama yake kila ukuta ukandikwapo tena.

Hapo ndipo penye hatari. Rangi ya kopo haimhitaji mama wala binti, na maarifa yasiyotumiwa kwa kizazi kimoja hupotea pamoja na maneno yake. Basi yatupasa sisi waalimu kuwauliza wakandikaji wazee wa vijiji vyetu: udongo huchimbwa wapi, huchanganywa na nini, na kila namna yaitwaje. Tuyaandike majibu yao wangali hai.